Mchezo wa Mtawa Kajamba

Jumapili asubuhi, kabla watu wa Fujieda hawajamaliza bakuli zao za tambi, sauti ya mwanamke husikika kutoka uwanja wa shule ikitamka maneno mawili ambayo mtu mwenye adabu hayatamki mbele ya wakwe: "Mtawa kajamba." Halafu kimya. Halafu vicheko vya watoto. Mgeni hushtuka na kuangalia huku na huku. Sisi wenyeji tunaendelea kunywa mchuzi wa tambi zetu, maana tunajua Kocha Tomoe ameshaanza kazi.

Anawafundisha wadogo, wale wa miaka sita mpaka minane, na amefanya hivyo muda mrefu kiasi kwamba baadhi ya aliowafundisha sasa wanamletea watoto wao. Hakuna aliyewahi kumwona akipiga danadana zikafika tano. Akiupiga mpira mbele, mara nyingine huenda kando, naye huusindikiza kwa macho kana kwamba ndiko alikoutuma. Lakini mtoto aliyepita mikononi mwake anautuliza mpira hata ukitupwa kutoka ghorofani, na makocha wa timu za wakubwa wanalijua hilo. Sisi tunamshukuru kwa hayo. Yeye shukrani zake anazipeleka kwingine, na kisa chake ni hiki.

Alikuja kwetu kuolewa. Kwao ni Kishiwada, upande wa Osaka, ambako watu huongea kama wanaogombana na hugombana kama wanaocheka. Aliyemwoa ni Sugiyama Kazushi, dereva wa lori la kiwanda cha majani ya chai, mtu mpole ambaye ukimsalimu asubuhi anaweza kukujibu jioni. Kazushi alikuwa amefiwa na mkewe, Misuzu, akaachwa na binti mmoja, Sayo. Siku Tomoe alipoingia nyumbani Sayo alikuwa na miaka saba, na baba yake, kwa wema wake wote, akamwambia, "Mwanangu, mwite utakavyo. Hakuna atakayekulazimisha."

Kumwachia mtoto wa miaka saba uhuru wa namna hiyo ni kumtwisha mzigo. Sayo akaona afadhali asimwite kitu. Neno mama lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa kwenye picha, juu ya kabati la mizimu, pale familia inapowakumbuka wafu wake, sebuleni. Kumwita Tomoe kwa jina lake aliona ni utovu wa adabu. Basi kila alipotaka kusema naye alianza na "Eti". Eti, birika linachemka. Eti, mwalimu anataka soksi nyeupe. Eti, kuna mtu mlangoni.

Kilichokuwa kichekesho, kama ungeweza kukicheka, ni kwamba mtaa mzima ulimwita Tomoe "Mama Sayo" tangu wiki ya kwanza, kama ilivyo desturi yetu wote tulio na watoto. Aliitwa hivyo dukani, kliniki, mpaka na mpiga hodi wa gesi. Mtu mmoja tu hakumwita hivyo, na ndiye pekee ambaye Tomoe alitamani amsikie.

Hakumlaumu mtoto. Kila asubuhi aliweka kibakuli cha wali wa moto na kikombe cha maji mbele ya picha ya Misuzu, akagonga kengele ndogo, akafumba macho, akaongea naye kimoyomoyo kama dada na dada. Akimaliza, alikwenda kufunga chakula cha mume. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, wahenga walisema, na Tomoe alikuwa ameiruka ile ya kwanza akatua moja kwa moja kwenye kazi.

Sasa, Fujieda ni mji wa mpira. Bibi muuza tofu, ile jibini ya soya, atakueleza maana ya kuotea kwa vijiti vya kulia na vipande vitatu vya tofu, na ukibisha hakuuzii. Tomoe alikulia kwenye besiboli. Alipoona Sayo ameandikishwa kwenye timu ya wadogo ya mtaa, alichojua kuhusu mchezo huo ni kwamba mikono haitakiwi. Na Sayo kwa hilo alikuwa mchezaji kamili, maana mikono yake aliificha ndani ya mikono ya sweta, akasimama pembeni kama mwavuli uliosahauliwa.

Timu zetu za watoto zina zamu ya chai. Kila Jumapili mama mmoja hubeba madumu ya chai ya shayiri iliyopoa kwa ajili ya watoto, na chupa ya chai ya moto kwa ajili ya makocha, akatandika mkeka kando ya uwanja, akahudumia. Zamu ilipofika kwa kina Sugiyama, Tomoe alikwenda. Kocha wa wadogo enzi hizo alikuwa Masuda, fundi wa mikeka ya tatami, mtu wa sauti nene na mgongo mbovu kwa kuinama maisha yake yote. Asubuhi hiyo alishika goli dogo alisogeze, mgongo ukalia kama kijiti kikavu, na Kocha Masuda akajikuta amelala chali kwenye mkeka wa chai, anatazama mawingu.

"Mama Sayo," aliguna, "nitazamie hawa watoto mpaka wazazi warudi."

"Niwatazame nikiwafanyia nini, Kocha? Mimi mpira siujui."

"Wape tu mipira wakimbizane. Ukiona damu, niite."

Tomoe aliwapa. Watoto wote wakaiacha mipira yao wakaukimbilia mmoja, wakarundikana juu yake kama nyuki, mmoja akapigwa teke la ugoko, wawili wakalia. Tomoe alikuwa amekulia nyumba ya watoto sita, yeye mkubwa. Mpira hakuujua, lakini kundi la watoto wanaolia alilijua kama anavyojua vidole vyake. Akaburuza kisigino akachora mstari mavumbini.

"Haya, nyie kuku, kila mtu na mpira wake hapa mstarini. Mnaujua mchezo wa Daruma?"

Waliujua. Mtoto gani hajui? Mmoja anawapa wenzake mgongo, anasema "Daruma kaanguka", Daruma yule mwanasesere wa mviringo, wao wananyemelea, akigeuka lazima wote wawe wameganda.

"Vizuri. Sasa kwetu hatusemi Daruma. Kwetu tunasema Mtawa kajamba."

Kicheko kilichotoka hapo kiliwafuta machozi wote. Kijana mmoja mnene, Rento, mtoto wa kinyozi, alicheka mpaka akakaa chini.

"Nikisema Mtawa kajamba, mnakuja na mipira yenu," Tomoe akaendelea. "Nikigeuka, mpira uwe umetulia chini ya unyayo. Sitazami miguu yenu, natazama mpira. Mpira ukitikisika, unarudi mstarini. Atakayenigusa mgongo wa kwanza, ndiye bingwa."

Akaegemeza paji la uso kwenye nguzo ya goli, akasema maneno yake. Alipogeuka, mipira yote ilikuwa imempita na kuingia kwenye vichaka, wenyewe wakiifuata mbio.

"Nyote mstarini," alisema. "Mmepiga kama mnafukuza mbwa."

Mara ya pili walirudi nusu yao. Kufika mara ya nne, bila mtu kuwaambia lolote, watoto walianza kuugusa mpira kidogokidogo, karibu na mguu, wakasikiliza sauti ya Tomoe, na neno la mwisho likija unyayo ukashuka juu ya mpira kwa upole. Naye alianza kuwafanyia ujanja, mara akivuta maneno kama mtu mwenye usingizi, mara akiyatamka kama risasi. Kule mkekani Kocha Masuda aliinua kichwa, akakirudisha haraka kwa maumivu.

"Mama Sayo," alisema akiyaambia mawingu, "jambo hilo nimelihangaikia nao tangu Aprili."

Siku hiyo Tomoe aliona kitu kingine. Sayo alikuwa ametoa mikono kwenye sweta. Unyayo wake ulikuwa mtulivu kuliko wa wote. Mpira ulikaa chini yake kama paka. Alifika wa kwanza nyuma ya Tomoe, hatua moja tu, mkono ukinyooka unamfikia. Tomoe alisikia pumzi yake. Akasubiri. Mkono haukuja. Sayo alisimama pale na mpira wake mpaka Rento alipotokea kwa kishindo akampiga Tomoe kofi la mgongo na kujitangaza bingwa.

Mgongo wa Masuda ulichukua miezi kupona, na ulipopona alisema wadogo wamekwisha kupata mtu. Hivyo Mama Sayo akawa Kocha Tomoe. Alisoma alichoweza, akamuuliza Masuda maswali mpaka mzee akawa anajificha, na kila alichoambiwa alikigeuza mchezo, kwa sababu alishaona kwamba mtoto ukimwambia "kokota mpira ukiwa umeinua macho" anakumbuka kwa dakika moja tu. Yeye akawachomekea vitambaa viunoni kwa nyuma, akawaambia hiyo ni mikia, kila mtu akokote mpira wake na anyakue mkia wa mwenzake bila kupoteza wake. Ukitazama chini, mkia umekwenda. Kwa pasi alipanga chupa tupu za chai safu nzima, akawafundisha kuziangusha kwa upande wa ndani wa mguu, na kila chupa aliipa jina la kitu wasichokipenda, pilipili hoho, hesabu, daktari wa meno. Daktari wa meno alianguka kuliko wote.

Nyuma ya goli kuna ukuta, na nyuma ya ukuta kuna hekalu. Jumapili moja mtawa mwenyewe alitokea na joho lake. Watoto waliganda, kila mmoja unyayo juu ya mpira, hata mmoja haukutikisika. Tomoe aliinama mpaka nywele zikagusa magoti.

"Mheshimiwa, tusamehe. Ni mchezo wa kwetu, hatukukukusudia wewe."

"Nasikia nikitajwa tangu saa tatu," mtawa akasema. "Nataka kujua ni nani aliyewaambia."

"Aliyetuambia nini, Mheshimiwa?"

"Kuhusu vile viazi vitamu nilivyokula jana."

Rento akaanguka tena chini. Mtawa akatoa ruhusa, ila akaomba jambo moja: siku ya maziko angetundika taulo jeupe ukutani, na siku hiyo Tomoe arudie Daruma. Mpaka leo taulo hilo linaheshimiwa kuliko refa.

Jioni ya siku ile ya kwanza baada ya kukabidhiwa timu, Tomoe alikuwa jikoni anakata figili. Sayo akaja mlangoni, akafungua mdomo. Tomoe alisubiri ile "Eti" aliyoizoea.

"Kocha," Sayo akasema, "maji ya kuoga tayari."

Tomoe alikata figili ile nyembamba mpaka ikawa karatasi, kwa kuwa hakutaka kugeuka. Lilikuwa neno, na lilikuwa lake. Halikumnyang'anya mtu yeyote. Tangu hapo nyumbani ikawa Kocha nipe chumvi, Kocha sweta yangu iko wapi, na Kazushi, aliyeona mambo kuliko alivyosema, naye akaanza kumwita Kocha akitaka chai. Kesho yake asubuhi Tomoe aligonga kengele mbele ya picha, akakaa pale kuliko kawaida. Alishukuru. Alijiambia kwamba hilo linatosha, na karibu aliamini.

Kisha akaharibu mwenyewe. Rento alimkimbilia katikati ya mazoezi, mguu mbele. "Mama, kamba ya kiatu imefunguka."

Kosa hilo kwetu hakuna asiyewahi kulifanya. Mtoto yuko darasani, mawazo yako mbali, anamwita mwalimu mama, na darasa linamcheka mpaka amalize shule. Uwanja mzima ulilipuka. Rento akawa mwekundu mpaka masikioni. Tomoe, ili kumwokoa, akafanya mzaha ambao mtu wa Osaka hawezi kuuzuia.

"Basi sheria mpya," alisema. "Atakayeniita mama, tutahesabu mpira wake umetikisika. Arudi mstarini."

Wote wakacheka, Rento naye akacheka. Tomoe aligeuza macho akamwona Sayo. Sayo hakucheka. Alikuwa anautazama mpira wake, na mikono imerudi ndani ya sweta.

Jioni ile akasema, "Eti, chumvi."

Siku zikaenda na Kocha haikurudi. Tomoe alimwambia mumewe wakiwa wanakunja nguo.

"Nimeliharibu, Kazushi. Neno lenyewe nimelifanya kosa, tena mbele yake."

Kazushi alikunja fulana mbili kabla hajajibu. "Ifute sheria."

"Nikiifuta, watoto watauliza kwa nini, naye atajua ni kwa ajili yake. Itakuwa kama namwomba. Kitu hicho hakiombwi."

"Basi usiombe," Kazushi akasema, akampokea shuka upande wa pili.

Jumapili iliyofuata, kabla ya kwenda uwanjani, Tomoe alikuwa mbele ya kabati la mizimu. Aliposhusha mikono alimkuta Sayo amekaa nyuma yake, ameshavaa viatu vya mpira ndani ya nyumba, kosa ambalo siku nyingine lingemletea maneno.

"Eti," Sayo akasema, "kila siku unaongea na Mama. Unamwambia nini?"

"Habari zako. Umekula nini, umegombana na nani." Tomoe alisogeza kikombe cha maji kisichohitaji kusogezwa. "Na namshukuru."

"Kwa nini?"

"Kwa kukuzaa. Mimi nimekukuta umeshakuwa tayari, na meno na kila kitu. Kazi ngumu kaifanya yeye. Ningekutana naye ningemnunulia tambi."

Sayo aliitazama picha. "Alikuwa anapenda zile za baridi," akasema. Kisha akasimama, akachukua mpira wake, na wakaenda bila neno lingine, viatu vikiacha mchanga sebuleni.

Siku hiyo ukutani hapakuwa na taulo. Walicheza mikia, wakaangusha chupa, na mwishoni, kama kawaida, ukaja mchezo wenyewe. Tomoe akaegemeza paji kwenye nguzo. "Mtawa kajamba." Akageuka, mipira ikatulia. Mara ya pili. Mara ya tatu. Sayo na Rento walikuwa mbele, bega kwa bega, hatua chache kutoka kwake. Mara ya nne Tomoe aliyatamka kwa kasi, akageuka ghafla. Rento alichelewa kukanyaga, mpira wake ukateleza ukaugonga wa Sayo, na alichokiona Tomoe ni mpira wa Sayo ukibingirika.

"Sayo, umetikisika. Mstarini."

"Mama, siyo mimi, ni Rento kaugonga!"

Uwanja ulilipuka. Rento ndiye aliyeanza, maana alikuwa na deni la kulipiza.

"Kamwita mama! Kamwita mama! Anarudi mara mbili huyo!"

"Mstarini, mstarini," wengine wakaitikia.

Sayo alikuwa mwekundu kuliko alivyowahi kuwa Rento. Tomoe alifungua mdomo aseme lolote, afute sheria, aite mapumziko, amwage chai. Sayo akamtangulia. Aliufuata mpira wake, akaurudisha kwa unyayo pale pale ulipokuwa, akaukanyaga.

"Mpira kaugonga Rento, kwa hiyo sirudi," alisema. "Na kule kuita, sikukosea. Huyu ni mama yangu. Wewe ndiye uliyekosea, wa kwako yuko saluni."

Watoto wana haki yao, na hoja ikisimama wanaijua. Walimtazama Rento. Rento alifikiri, akakuna kichwa.

"Kweli," akakiri. "Nimeugonga mimi." Akachukua mpira wake kwapani, akarudi mstarini mwenyewe.

Wote wakamgeukia Tomoe wamsikie anaamua nini. Alifanya kitu pekee ambacho mchezo ule unamruhusu mtu kufanya: akawapa mgongo, akaegemeza paji la uso kwenye nguzo, akaificha sura yake.

"Kocha, sema basi," sauti ndogo ikaomba.

Alijaribu. "Mtawa" likatoka, likakatika. Watoto wakasubiri, mguu mmoja hewani. Akavuta pumzi, akaanza tena, na maneno yale mawili ya aibu yakatoka yamelowa, polepole mno, kiasi kwamba hata mvivu wa mwisho angeweza kufika. Kabla hajamaliza, mkono mdogo ukatua mgongoni mwake. Haukupiga kofi kama wa Rento. Ulitua tu ukabaki pale, na haukuondoka mpaka Rento alipolalamika kutoka mstarini kwamba bingwa ameshapatikana na yeye ana kiu.